Sura Mbili, Mwili Mmoja: Pumzi na Ugonjwa wa Sukari

Mwaka huu nimeombwa niandike somo la sayansi kwa lugha yetu, nami nimekubali kwa moyo mkunjufu, maana wapo wanaodhani Kiswahili ni cha mashairi na methali tu. La hasha! Kiswahili chaweza kupima hata pumzi.

Katika Biolojia ya Kidato cha Pili tunasoma jinsi mwili unavyobadilishana gesi, yaani jinsi tunavyopumua. Mwaka uo huo, mbele kidogo, tunafika kwenye sura ya namna mwili unavyojisawazisha ndani, na hapo ndipo tunakutana na ugonjwa wa sukari, au kisukari. Tunafunga sura ya kwanza, tunafanya mtihani, tunafungua ya pili. Hakuna anayetuuliza: je, mtu mmoja akiwa na ugonjwa sugu wa mapafu na sukari kwa pamoja, inakuwaje? Mimi nauliza kwa sababu kwetu nyumbani tunaye mtu wa namna hiyo, na najua hatuko peke yetu. Kitabu kina sura mbili lakini mwili ni mmoja. Makala haya yanajaribu kuziunganisha sura hizo.

1. MAPAFU HUHARIBIKA VIPI?

Hewa huingia puani, hushuka kwenye bomba la hewa, kisha hugawanyika katika mirija inayozidi kuwa myembamba kama matawi ya mti. Mwisho wa matawi hayo kuna vifuko vidogo vya hewa, milioni 300 hivi. Vifuko hivyo vyote vikikunjuliwa na kutandazwa sakafuni, vitafunika takriban mita mraba 70, yaani zaidi ya darasa la kawaida. Hapo ndipo oksijeni huingia katika damu na kaboni dayoksaidi hutoka.

Kwa jumla mapafu huweza kuharibika kwa njia mbili, na ukizielewa hizi mbili umelielewa somo lote:

(a) Kuziba. Mirija ya hewa huvimba, hujaa makohozi na kuwa myembamba. Mgonjwa huingiza hewa, lakini kuitoa ndiyo kazi. Pumu ni ya kundi hili, ila pumu huja na kuondoka. Upo ugonjwa mwingine, ule sugu wa kuziba njia za hewa, ambao ukishaingia hauondoki. Dawa huupunguza makali tu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu sugu uliua watu milioni 3.5 hivi duniani mwaka wa 2021.

(b) Kukaza. Hapa mirija i wazi, lakini mapafu hayatanuki vizuri, kama puto jipya gumu ambalo hujalipuliza bado. Vumbi la mawe hukaza mapafu, na makovu ya kifua kikuu huweza kuyakaza, kuyaziba, au yote mawili.

2. PUMZI HUPIMWAJE?

Pumzi hupimwa kwa chombo kiitwacho spiromita. Aliyekiunda ni John Hutchinson, daktari wa London, ambaye mwaka wa 1846 alitangaza matokeo ya kupima watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia na polisi. Vyombo vya siku hizi ni vidogo, vingine vinatosha kiganjani, lakini kazi ni ile ile.

Mgonjwa huketi wima, pua ikabanwa, akavuta hewa hadi kifua kijae kabisa. Kisha hubana midomo kwenye bomba na kupuliza kwa nguvu zake zote, bila kuacha, sekunde 6 au zaidi. Hurudia angalau mara 3. Chombo huandika nambari mbili: hewa yote iliyotoka, na hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Siri yote iko katika kulinganisha nambari hizo mbili.

Hebu tufanye hesabu. Hii ni mifano ya darasani tu:

Mtu wa kwanza ni mzima. Hewa yote ni lita 4.0, ya sekunde ya kwanza lita 3.2. Gawanya: asilimia 80. Mirija i wazi.

Mtu wa pili mapafu yameziba. Hewa yote ni lita 3.0, ya sekunde ya kwanza lita 1.5. Ni asilimia 50. Hewa inatoka kwa shida, kama watu wengi wanaogombania mlango mmoja wa matatu. Mtu akiwa chini ya asilimia 70 hata baada ya kuvuta dawa ya kufungua mirija, daktari huwaza ule ugonjwa sugu.

Mtu wa tatu mapafu yamekaza. Hewa yote ni lita 2.5, ya sekunde ya kwanza lita 2.1. Ni asilimia 84. Ukitazama asilimia peke yake utasema huyu mzima kuliko hata yule wa kwanza! Lakini tazama lita: kifua chake kimepungua.

Basi mnaona? Ukiangalia nambari moja tu, unaweza kudanganyika.

3. SUKARI INAINGILIA WAPI?

Rafiki yangu mmoja kutoka Awendo aliniuliza kama wanaoishi karibu na kiwanda cha sukari huupata ugonjwa huu kwa kunusa tu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sivyo. Kisukari ni pale kongosho linaposhindwa kutoa insulini ya kutosha, au mwili unapoikaidi insulini hiyo, sukari ikabaki damuni badala ya kuingia katika seli. Mtu aliyelala bila kula akipimwa asubuhi akaonyesha milimoli 7.0 au zaidi kwa lita, na kipimo kikarudiwa kikawa vile vile, huyo ana kisukari.

Sote tumesikia kwamba sukari huharibu macho, figo, neva na miguu. Mapafu hayatajwi sana, lakini nayo hayasalimiki. Sababu ni hizi:

(a) Sukari nyingi hunata kwenye protini za mwili, zikiwemo zile nyuzi zinazofanya mapafu yanyumbuke. Nyuzi hizo hukakamaa.

(b) Mishipa myembamba ya damu, kama ile inayozunguka vifuko vya hewa, kuta zake hunenepa. Oksijeni huvuka kwa taabu kidogo.

(c) Misuli ya kupumua, hasa kiwambo kilicho chini ya mapafu, huweza kudhoofika.

(d) Wagonjwa wengi wa sukari wana kitambi, na kitambi husukuma kiwambo juu, mapafu yakakosa nafasi.

Kwa hiyo, kwa wastani, watu wenye kisukari hupuliza hewa pungufu kidogo kuliko wenzao, kwa nambari zote mbili, huku asilimia ikibaki nzuri. Ni mtu wa tatu katika hesabu yetu, lakini kwa kiasi kidogo. Mwenye mapafu mazima hata hahisi, kwa sababu ana akiba. Lakini yule ambaye mirija yake imekwisha kuziba hana akiba. Akipunguziwa hata kidogo, anahisi. Ni kama mtu mwenye shilingi kumi kupoteza moja. Si sawa na tajiri.

4. MAGONJWA MAWILI YAKIKUTANA

Yakikutana, kila moja huweza kujificha nyuma ya mwenzake. Angalieni mambo manne:

Kwanza, dawa. Mgonjwa wa mapafu akizidiwa, madaktari humpa vidonge vya prednisoloni kwa siku chache ili kutuliza uvimbe wa mirija. Vidonge hivi huokoa maisha, lakini hupandisha sukari, hasa mchana na jioni. Dawa ya aina hiyo ikivutwa kwa inhela, kiasi kinachofika damuni ni kidogo mno.

Pili, kutetemeka. Inhela ya salbutamoli, ile inayofungua mirija upesi, huweza kumfanya mtu atetemeke mikono na moyo umdunde. Sukari ikishuka kupita kiasi, mtu pia hutetemeka na moyo humdunda. Utajuaje ni ipi? Hutajua kwa macho. Pima sukari. Kama huna kipimo karibu na mgonjwa anatumia dawa za kushusha sukari, mpe kitu kitamu anywe kwanza, maadamu ana fahamu na anaweza kumeza.

Tatu, kuhema. Mtu akikosa insulini kabisa, damu hujaa asidi, na mwili hujaribu kuitoa kwa kupumua haraka na kwa kina. Adolf Kussmaul, daktari wa Kijerumani, aliueleza upumuaji huo mwaka wa 1874. Pumzi ya mgonjwa huyo huweza kunuka kama matunda yaliyoiva sana. Jamani, hiyo si pumu na haitibiwi kwa inhela. Ni hospitali mara moja!

Nne, kifua kikuu. Mwenye kisukari ana hatari mara 2 hadi 3 zaidi ya mtu mwingine ya kuugua kifua kikuu, nacho kikipona huweza kuacha makovu mapafuni. Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba wagonjwa wa kifua kikuu wapimwe sukari, na wagonjwa wa sukari waangaliwe kifua kikuu pale ugonjwa huo ulipoenea.

Kuna hata mfano wa dawa iliyojaribu kuunganisha sura zetu mbili. Insulini ya kuvuta kwa mapafu, badala ya sindano, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2006 kwa jina la Exubera, ikaondolewa sokoni na waliyoitengeneza mwaka wa 2007. Nyingine, Afrezza, iliidhinishwa huko mwaka wa 2014. Sharti lake moja lanifurahisha kama mwanafunzi: kabla ya mgonjwa kuianza ni lazima pumzi yake ipimwe kwa spiromita, na mwenye pumu au ugonjwa sugu wa kuziba hapewi, kwani mirija yake huweza kubana ghafla. Kwa hiyo hata wenye dawa walikubali kwamba huwezi kutibu sukari ukayasahau mapafu.

5. NA HUKU KWETU?

Sisi wa shule hii tumetoka pande mbili, Migori na Homa Bay. Zamani zote zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza. Tangu 2013 ni kaunti mbili, nambari 44 na 43. Tukiulizwa moshi na vumbi vinatoka wapi, hatuhitaji kwenda mbali.

Jikoni kuna mafiga matatu na kuni mbichi. Anayepika ni mama au dada, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Huko Kuria, Uriri na kwingineko Migori, tumbaku imelimwa miaka mingi. Majani ya aina fulani hukaushwa kwenye mabanda yenye moto wa kuni unaokokwa usiku na mchana. Nyatike watu huchimba dhahabu, na mawe yakisagwa, vumbi lake jembamba huingia kifuani lisitoke. Ufuoni mwa Ziwa Viktoria, kuanzia Muhuru Bay na Karungu hadi Sindo na Mbita, wapo akina mama wanaokausha mbuta kwa moshi. Tena kaunti zetu, hasa Homa Bay, zimebeba mzigo mkubwa wa Ukimwi, na Ukimwi hufungulia mlango kifua kikuu. Kwa hiyo ugonjwa sugu wa mapafu kwetu si wa wavuta sigara peke yao.

Nyanya yangu mzaa mama anaishi upande wa Mbita. Amekausha mbuta tangu mama yangu akiwa mdogo. Alipoanza kuhema akipanda kilima kutoka ziwani, wajomba walisema ni uzee. Alipopatikana na sukari, wakasema, "Aa, kumbe ni sukari." Kila mwezi akawa anakwenda kliniki fulani, anatobolewa kidole, nambari inaandikwa kitabuni, anarudi nyumbani akihema vile vile. Nilikipitia kitabu kile. Kilijaa nambari za sukari kurasa na kurasa. Ya pumzi haikuwemo hata moja.

Siku alipozidiwa akapelekwa hospitali nyingine kubwa, na huko ndiko alikopewa bomba apulize. Daktari alitazama nambari akamwuliza, "Mama, umevuta sigara miaka mingapi?"

Nyanya akamjibu, "Sigara sijavuta hata moja, mwanangu. Nimevuta moshi wa samaki."

Ulikuwa ule ugonjwa sugu wa kuziba. Akapewa inhela, na vidonge vya prednisoloni vya siku 5. Siku ya pili sukari ikapanda hadi 16, na mjomba akavificha vidonge akisema vitamuua mamake. Mama yangu akapiga simu hospitalini. Akaambiwa hivi: nyanya amalize vidonge, sukari ipimwe kila siku, na dawa ya sukari wataibadilisha wao mpaka vidonge viishe. Mjomba akavirudisha. Wiki ile ikapita salama.

Nimesimulia haya kwa sababu nyumba nyingi hapa hukutwa na jambo kama lile la vidonge, na si kila nyumba ina mtu wa kupiga simu.

6. TUFANYE NINI?

(a) Kipimo cha sukari siku hizi kinapatikana kwa urahisi kuliko spiromita, hasa zahanati za vijijini. Ndiyo maana ni lazima tuulize. Mgonjwa wa sukari anayehema, anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, au anayekoroma kifua, aulize: "Daktari, pumzi yangu nayo yaweza kupimwa wapi?" Na kikohozi hicho kichunguzwe kifua kikuu. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa mapafu aulize kuhusu sukari.

(b) Mahali pasipo na spiromita, wahudumu wa afya huweza kutumia kipimo cha kutembea dakika 6. Mgonjwa hutembea sehemu tambarare kwa mwendo wake, na umbali hupimwa kwa mita. Hakionyeshi kama mapafu yameziba au yamekaza, lakini miezi ikipita huonyesha kama mtu anapata nafuu au anarudi nyuma.

(c) Mgonjwa asiache inhela wala vidonge kwa kuogopa sukari, wala asiache dawa za sukari kwa kuwa anakohoa. Amweleze kila daktari dawa zote anazotumia. Bora abebe zote mfukoni, zikaonekane.

(d) Kutembea kila siku kwa kiasi husaidia magonjwa yote mawili. Akihema, avute hewa kwa pua kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai ya moto. Hii huizuia mirija isijifunge mapema.

(e) Moshi upunguzwe. Kuni zikauke kabla ya kutumiwa, dirisha lifunguliwe, na wenye uwezo watumie gesi. Inawezekana kubadilika: huko Migori wakulima wameacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma, kwa mradi wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa ambao Shirika la Afya Duniani liliusifu mwaka wa 2023 katika Siku ya Kupinga Tumbaku, tarehe 31 Mei. Nyanya naye sasa hukausha samaki juani, ana wateja wale wale.

7. JARIBIO LA DARASANI

Chukueni mtungi wa plastiki wa lita 5 unaoonyesha ndani. Mwagieni maji nusu lita baada ya nusu lita, mkichora mstari kila mara. Ujazeni pomoni, uzibeni kwa kiganja, mwupindue ndani ya beseni lenye maji, kisha ingizeni mpira chini ya mdomo wake. Vuta hewa mpaka kifua kijae, puliza kwenye mpira mpaka iishe. Hewa itasukuma maji nje, nawe utasoma lita zako kwenye mistari. Mimi nilipata lita 3 na ushei.

Tahadhari: ncha ya mpira ioshwe kwa sabuni na dawa kila mtu akimaliza, na mwenye pumu, kikohozi au kizunguzungu asipulize, awe mwandishi.

Sasa fikirini: mtungi huu umetupa hewa yote, lakini hauna saa. Haujui kilichotoka sekunde ya kwanza. Kwa hiyo waweza kuonyesha kifua kilichopungua, lakini kuziba kwa mirija waweza kukupita hivi hivi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mama mmoja alipuliza lita 2.4, na katika sekunde ya kwanza lita 1.2. Tafuta asilimia. Mapafu yake yameziba au yamekaza?
2. Kwa nini mwenye kisukari huweza kuwa na asilimia nzuri na bado akawa na hewa pungufu?
3. Eleza mambo mawili yanayoweza kumfanya mgonjwa wa magonjwa yote mawili atetemeke.
4. Jirani yako ameacha vidonge vya mapafu kwa sababu sukari imepanda. Utamwambia nini, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, ili akuelewe?

Swali la nne ndilo kubwa, na halina alama za mtihani. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Likizo hii, kila mmoja wetu amwulize mzee wake mwenye sukari: "Kitabuni mwako kuna nambari ya pumzi?" Kama haimo, mpelekeni akapulize.